Mpokeaji nyota akinuna: kumuuza kunaijenga timu au kunaibomoa?

Mleta mada

Wakuu, kila ikifika Machi NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, haikosi mpokeaji mkubwa (mdakaji wa mipira inayorushwa) aliyenuna. Mipira haimfikii, mkataba wake umeachwa na soko, au haelewani na kwotabeki wake, yaani mrushaji wa mipira. Mashabiki nao hugawanyika: hawa wanasema auzwe kikosi kitulie, wale wanasema kipaji cha namna hiyo hakiokotwi njiani. Naomba tujadili kwa hesabu.

Kwa wageni wa mchezo huu: tofauti na soka, huku hakuna ada ya uhamisho. Timu hulipana kwa wachezaji au kwa zamu za kuchagua chipukizi kwenye drafti ya Aprili, na mkataba wa mchezaji unahama naye. Mwenyewe haulizwi, isipokuwa mkataba wake uwe na kifungu cha kukataa.

Msimamo wangu: kumuuza kunasaidia, mradi auzwe akiwa bado ana bei. Machi 2022 Kansas City walimpeleka Tyreek Hill Miami wakapata zamu tano: raundi ya kwanza (namba 29), ya pili (namba 50) na ya nne mwaka uleule, kisha ya nne na ya sita za 2023. Zamu ya 29 wakaiunganisha na nyingine wakapanda hadi namba 21 kumchukua konabeki (mlinzi anayewakaba wapokeaji) Trent McDuffie. Hill alipata Miami mkataba mpya wa miaka minne wa dola milioni 120, fedha ambazo Kansas City hawakuzitoa. Misimu miwili iliyofuata, 2022 na 2023, Super Bowl zote mbili, fainali za ligi, zikaenda Kansas City. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Titan wa Kusini

Mkuu, hapo umechagua timu yenye Patrick Mahomes. Ukiwa na kwotabeki wa aina ile, makosa mengi yanafichika. Njoo Tennessee uone.

Msimu wa 2021 Titans walishinda mechi 12 wakapoteza 5, wakaongoza AFC nzima, moja ya nusu mbili za ligi (nyingine ni NFC). Mpokeaji wao A.J. Brown alitaka mkataba unaolingana na soko, hawakukubaliana. Usiku wa drafti ya Aprili 2022 wakampeleka Philadelphia kwa zamu ya 18 na ya 101. Ya 18 wakamchukua mpokeaji, Treylon Burks, eti mbadala wa moja kwa moja. Burks msimu wa kwanza alipata yadi 444 na tachidauni moja (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Brown kule Philadelphia alipata yadi 1,496, timu ikafika Super Bowl. Desemba walipokutana, Eagles wa Philadelphia walishinda 35 kwa 10, Brown akafunga tachidauni mbili, na meneja mkuu Jon Robinson akafukuzwa siku chache baadaye. Titans wakamaliza 7 kwa 10, yaani ushindi 7 na kupoteza 10.

Zamu ya raundi ya kwanza ni tumaini. Mpokeaji wa yadi elfu moja na kitu ni uhakika unaouona kila Jumapili.

Mhasibu wa Kepu

Ndugu Titan, mwaka ule kwotabeki wenu Ryan Tannehill aliumia kifundo akakosa mechi tano, tusimbebeshe Brown yote. Ila nakuunga mkono kwenye hoja ya mbadala.

Watu wengi hapa wanaruka kepu, yaani ukomo wa mishahara. Tuseme mchezaji alipewa bonasi ya kusaini ya dola milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano. Fedha anapokea mapema, lakini kwenye kepu zinagawanywa milioni 10 kila mwaka. Ukimuuza Machi baada ya misimu miwili, milioni 30 ambazo hazijahesabiwa zinaangukia zote kwenye kepu yako ya mwaka huo. Hizo ndizo wanaziita fedha mfu: unahesabiwa kwa mtu anayecheza kwa wenzako. Mnunuzi anabeba mshahara unaobaki tu.

Ukisubiri hadi tarehe 1 Juni ipite, unahesabiwa milioni 10 mwaka huu na 20 mwaka ujao. Kepu inapumua, lakini drafti ilikwisha Aprili, kwa hiyo utalipwa zamu za mwaka unaofuata na chipukizi wa kuziba pengo humpati msimu huu. Na nirekebishe jambo ninaloliona likirudiwa kila mwaka: ile ruhusa ya kumtoa mtu Machi akahesabiwa kama ameondoka baada ya 1 Juni ni ya wachezaji wanaoachwa huru, wawili tu kwa kila timu. Kwa anayeuzwa haipo. Lazima Juni ifike kweli.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: bonasi imebaki kiasi gani? Mtu aliyepewa mkataba mnono mwaka jana akinuna mwaka huu, kumuuza ni kujichoma mara mbili.

Nyati wa Buffalo

Hapo nachangia kwa mfano ulio hai. Mpokeaji Stefon Diggs aliongezewa mkataba na Buffalo Aprili 2022, miaka minne, dola milioni 96. Aprili 2024 wakamuuza Houston. Fedha mfu zikawa kama milioni 31 kwenye kepu ya milioni 255.4, karibu asilimia 12 ya mishahara yote kwa mtu asiyekuwepo. Walichopata ni zamu moja ya raundi ya pili ya 2025, na juu yake wao ndio waliotoa zamu ya sita na ya tano. Kwa karatasi, biashara mbovu kabisa.

Sasa tazama uwanjani. 2023 wakiwa na Diggs: ushindi 11, pointi 451, kwotabeki Josh Allen kanaswa mipira 18 na wapinzani. 2024 bila yeye: ushindi 13, pointi 525, mipira iliyonaswa 6, na Allen akawa mchezaji bora wa ligi. Aliyeongoza kwa yadi alikuwa Khalil Shakir na yadi zake 821 tu. Mipira iligawanywa kwa wengi na ulinzi haukuwa na mtu mmoja wa kumfunga. Titan, huo nao ni uhakika wa kila Jumapili.

Titan wa Kusini

Dada Nyati, kama hakukuwa na pengo, mbona Oktoba walitoa zamu ya raundi ya tatu kumleta mpokeaji Amari Cooper?

Nyati wa Buffalo

Swali zuri, na sitalikwepa. Walimtafuta mtu wa pembeni wa kumshinda konabeki mmoja kwa mmoja, kwa sababu chipukizi Keon Coleman alikuwa bado hajakomaa. Cooper hakuleta mengi. Lakini pengo lile lilikuwa dogo kuliko tatizo lililoondoka. Nusu ya pili ya 2023, baada ya kubadilishwa mratibu wa mashambulizi, Diggs hakufikisha yadi 100 katika mechi hata moja. Kwenye mtoano dhidi ya Kansas City alidaka mipira mitatu kwa yadi 21, na mpira mmoja mrefu ukampita mikononi. Alikuwa ametimiza miaka 30. Waliuza jina, uwezo ulishaanza kushuka.

Kona wa Kushoto

Nimesoma yote, naona uwanja wenyewe umeguswa kidogo. Niuseme kwa urefu kwa kuwa ndipo biashara hizi zinapofaulu au kufa.

Mpokeaji nyota mara nyingi hupangwa peke yake upande mmoja, wapokeaji wengine watatu wanakaa upande wa pili. Ulinzi unalazimika kuchagua. Ukimwachia konabeki mmoja, kwotabeki anamwangalia yeye kwanza. Ukipeleka sefti (mlinzi wa nyuma kabisa) juu yake, upande wa watatu unabaki na watu pungufu, na katikati unabaki na watu sita wa kuzuia mbio. Kwa hiyo thamani yake haiishii kwenye mipira anayodaka. Hata asipoguswa na mpira nusu nzima, amemwondoa mtu mmoja kwenye hesabu ya ulinzi.

Akiondoka bila mbadala, mambo huharibika kwa mfuatano. Sefti yule anashuka karibu na mstari na mbio zinaziba. Makona wanawabana wapokeaji tangu wanapoanza kwa sababu hakuna wa kuwaacha kwa kasi. Kwotabeki anakaa na mpira muda mrefu zaidi akisubiri mtu ajitenge, na anaangushwa. Baada ya wiki nne tano mashabiki wanalaumu safu ya mbele inayomkinga kwotabeki, kumbe tatizo lilianza Machi.

Dawa ninazozijua ni mbili. Ya kwanza ni kugawa mzigo: wapokeaji wa kati, wakimbiaji wanaodaka, na kuwahamisha watu kabla mpira haujaanza ili ulinzi ujifichue. Kansas City 2022 walifanya hivyo, Travis Kelce yadi 1,338, JuJu Smith-Schuster 933, wakaongoza ligi kwa pointi 496. Ya pili ni kupeleka rasilimali upande wa ulinzi ili usihitaji pointi nyingi. Na hapa, mkuu Mleta mada, mfano wako una kasoro usiyoitaja: 2023 mashambulizi yao yalishuka hadi pointi 371 na Mahomes akanaswa mipira 14. Wapokeaji waliangusha mipira ya wazi. Ile Super Bowl ya pili ililetwa na ulinzi, McDuffie akiwemo. Pengo la Hill lilionekana, ila lilichelewa mwaka mmoja.

Mleta mada

Nakubali kuhusu 2023, na ndiyo maana nasema bei. McDuffie ni bei ya Hill.

Kuhusu bei, tazameni siku moja tu, 16 Machi 2020. Siku hiyo Minnesota walimuuza Diggs, aliyekuwa amenuna waziwazi, kwenda Buffalo. Walipata zamu ya 22, ya tano, ya sita na ya nne ya mwaka uliofuata, wao wakarudisha ya saba. Ya 22 ikawa Justin Jefferson, yadi 1,400 msimu wake wa kwanza. Buffalo nao wakapata mtu aliyeongoza ligi kwa mipira 127 na yadi 1,535. Pande zote zilifaidika.

Siku hiyohiyo Houston walimtoa DeAndre Hopkins, mpokeaji aliyekuwa kwenye kikosi bora cha ligi miaka mitatu mfululizo, kwenda Arizona. Wakapata mkimbiaji David Johnson na mshahara wake mkubwa, zamu ya 40 na ya nne moja, na bado walitoa ya nne. Hakuna raundi ya kwanza. Kutoka 10 kwa 6 wakaenda 4 kwa 12, na kocha Bill O'Brien akafukuzwa baada ya kupoteza mechi nne za mwanzo. Cha kuzingatia, kwotabeki wao Deshaun Watson mwaka huo aliongoza ligi kwa yadi 4,823 za kurusha. Mashambulizi ya hewani hayakufa. Houston waliumia kwa sababu walichopokea hakikuziba shimo lolote la ulinzi wao.

Dhahabu ya Pwani

Mbona hakuna anayesema kuhusu kukataa kuuza? Aprili 2022 mpokeaji Deebo Samuel aliomba kuondoka San Francisco. Alikuwa ametoka kupata yadi 1,405 za kudaka na 365 za kukimbia. Meneja John Lynch hakumuuza. Mwisho wa Julai wakakubaliana nyongeza ya miaka mitatu. Msimu huo wakafika fainali ya NFC, uliofuata wakafika Super Bowl.

Timu ina nguvu zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Mchezaji mwenye mkataba akigoma kambi ya mazoezi anatozwa faini kila siku, na kama hayuko kwenye mkataba wake wa kwanza wa chipukizi, ni dola 50,000 kwa siku na timu hairuhusiwi hata kumsamehe. Ndiyo maana siku hizi wanakuja kambini na kukaa pembeni bila kufanya mazoezi. Wengi wakinuna Aprili, Agosti wanasaini.

Swali ni amenunia nini. Kama ni fedha, kalamu inamaliza. Kama ni kwotabeki au mfumo, kalamu haimalizi, unaahirisha tu.

Mhasibu wa Kepu

Naafiki hilo la mwisho kabisa. Ila tumalizie hesabu ya Deebo: Machi 2025 walimtoa kwenda Washington kwa zamu ya raundi ya tano, na fedha mfu zaidi ya milioni 30. Walinunua misimu miwili mizuri kwa bei hiyo. Mimi ningekubali. Wengine wasingekubali.

Pittsburgh na Antonio Brown 2019 wana somo tofauti. Mtu aliyetoka kuongoza ligi kwa tachidauni 15 za kudaka aliuzwa kwa raundi ya tatu na ya tano, na milioni 21 za fedha mfu, kwa sababu ligi nzima ilijua hawezi kurudi. Mnunuzi hatoi zaidi kama anajua huna njia nyingine. Ukiamua kuuza, usiruhusu ugomvi ufike hadharani kabla simu hazijapigwa.

Tai wa Philly

Na mkikawia kabisa mnapata ya mpokeaji Terrell Owens. Philadelphia walitoka Super Bowl ya msimu wa 2004. Novemba 2005 wakamsimamisha wakiwa 4 kwa 3, wakamaliza 6 kwa 10, ingawa kwotabeki Donovan McNabb naye aliumia. Machi 2006 wakamwacha huru bila kupata zamu hata moja, na ndani ya siku chache akasaini Dallas, wapinzani wa kundi lao, mechi mbili kila mwaka.

Kwa hiyo ongezeni na hili: mnamuuzia nani? Anayeuza anachagua aendako, anayeacha huru hachagui. Mimi ningeshusha raundi moja ili aende kundi jingine la NFC au AFC kabisa.

Kona wa Kushoto

Tai, hilo Buffalo hawakulifuata. Diggs alibaki AFC, na Oktoba 2024 Houston wakawafunga 23 kwa 20.

Ila mechi iliyowaumiza Buffalo zaidi ni fainali ya AFC, 32 kwa 29. Jaribio la nne, yaani la mwisho, yadi tano zinahitajika, dakika za mwisho. Kansas City wakamtuma konabeki kutoka pembeni bila kuzuiwa, Allen akarusha akirudi nyuma, mpira haukudakwa. Konabeki huyo alikuwa McDuffie. Dada Nyati, kwenye mchezo ule ungependa nani awe upande wa kushoto peke yake?

Nyati wa Buffalo

Yeyote anayejitenga ndani ya sekunde mbili, kaka. Diggs wa 2020 ndiyo. Diggs wa Januari 2024 hapana, na hata hivyo goti lake lilikuwa limeshachanika mwezi Oktoba akiwa Houston. Buffalo walihitaji mpokeaji, hilo nakubali. Hawakumhitaji yule.

Titan wa Kusini

Hapo tumefika mahali pamoja, dada. A.J. Brown alikuwa na miaka 24 walipomtoa.