Naomba ushauri: hoho za kwenye ndoo zinadondosha maua

Ndugu wakulima wenzangu, nawasalimu kutoka Uyole, Mbeya, na ninaomba ushauri wenu kabla sijaharibu zaidi.

Nina miche 18 ya pilipili hoho niliyoipanda nyuma ya nyumba katika ndoo za lita 5, kwa mchanganyiko wa udongo wa juu, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Imeanza kutoa maua, lakini mengi yanadondoka na vikonyo vyake, na jana nilipoung'oa mmoja kutoka kwenye ndoo nilikuta mizizi imejizungusha chini kama kata ya kubebea maji.

Wiki mbili zilizopita, nikidhani ni njaa, niliweka CAN (mbolea ya dukani yenye naitrojeni) kijiko kimoja cha chai kwa kila ndoo. Majani yakawa ya kijani kizito, yakapendeza kweli, huku maua yakizidi kudondoka. Nimeiacha mbolea hiyo na ninamwagilia asubuhi tu, ingawa baridi yetu ya usiku mwezi huu wa Juni nayo siiamini hata kidogo.

Je, ninaweza kuihamishia kwenye ndoo za lita 20 ikiwa katika maua, au nisubiri matunda ya kwanza yashike? Na baada ya kuihamisha, nitumie mbolea gani yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, na kwa kipimo gani kwa kila ndoo? Majivu ya jikoni ninayo ya kutosha, ila naogopa kuzidisha.

Natanguliza shukrani.