Mjadala: Je, kiumbe wa mchezo aandikiwe uovu kabla hajatenda lolote?

Ninaleta mezani suala ambalo limewagawa kwa muda mrefu wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliochapishwa Marekani mwaka 1974: je, mwelekeo wa maadili wa mhusika uandikwe kwenye karatasi yake kama zinavyoandikwa nguvu na wepesi, au uachwe uonekane katika matendo yake? Wanaotetea alama hizo za maadili husema kwamba bila ya hizo mchezaji mgeni hajui amwigize vipi mhusika wake, na kwamba hadithi za kishujaa zinahitaji adui anayeweza kupigwa upanga pasipo dhamiri kukusuta. Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili naipinga kabisa.

Mwanzoni pande zilikuwa tatu tu, yaani utaratibu, vurugu na kutoegemea popote. Wema na uovu viliongezwa mwaka 1976, na kufikia mwaka 1978, kwa kuunganisha makundi hayo mawili, zikapatikana zile alama tisa ambazo wengi wetu tunazijua. Sasa mtazameni orki, yule kiumbe wa kubuni mfano wa binadamu ambaye mara nyingi huwekwa kuwa adui. Kitabu cha viumbe cha mwaka 1977 kinamwita mwovu mwenye kushika sheria, ilhali kile cha mwaka 2014 kinamwita mwovu mwenye kuvuruga sheria. Kalamu ilipita juu ya neno moja, na kabila zima likageuka tabia. Kinachogeuzwa kwa kalamu hakiwezi kuitwa asili.

Niliwahi kuongoza mchezo ambamo kundi lilivamia pango, likawaua walinzi, kisha mmoja wao akafunua ngozi iliyotundikwa ukutani na kukuta watoto sita wa maorki wamejibanza, mdogo wao akiwa ameshikilia mwiko uliovunjika. Mchezaji mmoja akasema, "Kitabu kimesema ni waovu, tumalize kazi." Aliyekuwa akimwigiza paladini, yule askari wa kiapo, aliweka kete zake chini, akanyamaza kwa muda mrefu. Kwa kanuni za mwaka 1978, paladini anayetenda uovu kwa kujua na kwa hiari yake hupoteza hadhi yake milele. Je, kumwua mtoto aliyeandikiwa uovu ni uovu? Ikiwa alama ndiyo hakimu, hukumu ilikwisha kutolewa kabla hatujakaa, na ukimya wa yule mchezaji haukuwa na sababu. Mimi niliuona ukimya ule, na ndio ulionifanya nianze kuufikiria mchezo huu upya.

Hata hivyo sitaki kila kitu kifutwe, kama walivyofanya wachapishaji wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, mwaka 2023 walipoziondoa alama zote. Kiapo cha paladini kibaki, na gharama ya kukivunja ibaki, kwa kuwa amekila mwenyewe akijua anachokifanya. Kinachopaswa kuondoka ni alama ambayo kiumbe huzaliwa nayo. Anayeona kwamba kiapo hakina maana pasipo uovu wa kuzaliwa wa kupambana nao, atueleze paladini yule angewafanyia nini watoto wale sita.