Picha za zamani za kareti: nianze na ipi?

Mwana_Temeke: Wakuu, nakwenda Kariakoo kujaziwa flashi ya GB 16. Nataka zile za zamani, ngumi zenyewe, siyo za kompyuta. Nianze na ipi?

Mkanda_Mweusi: The 36th Chamber of Shaolin (1978). Sehemu kubwa steringi, Gordon Liu, anafundishwa tu. Tazama anapobeba ndoo za maji mikono imenyooka, visu vimefungwa chini ya mikono: akichoka akaishusha, vinamchoma mbavuni. Mwongozaji Lau Kar-leung alikuwa mtu wa kung fu hasa, ndiyo maana kamera inakaa mbali na kukuacha uone pigo zima. Kisha Drunken Master, mwaka huohuo. Game of Death iweke mwisho: Bruce Lee alifariki Julai 1973, ikamaliziwa na watu wa kufanana naye. Ndiyo maana wamevalishwa yale mamiwani meusi, kuficha sura!

Chuma_Ilala: Angalia kopi. Ile ya Shaolin ilipigwa kwa picha pana, 2.35:1, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo. Ikikatwa pembeni, au TV ikiwa kwenye zoom, adui anabaki mkono tu. Na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili) haipokei faili linalozidi GB 4.

Mwana_Temeke: Zilizotafsiriwa je?

Mkanda_Mweusi: Drunken Master sawa, ni vichekesho. Ya Shaolin chukua yenye maandishi chini. Sauti ya DJ anayetafsiri inameza milio ya fimbo.