Mjadala: Kibao cha jina la duka ni tangazo au ni anwani?

*Mleta mada*

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana linagusa kila mwenye fremu.

Dada yangu anauza mahitaji ya nyumbani katika mji mmoja wa barabarani huku kwetu. Mji wenyewe sitautaja. Mvua zilipokatika alichoresha kibao kipya, kwa sababu plaiwudi ya cha zamani ilikuwa imevimba kwa maji na herufi zinabanduka. Kipya kilikuwa futi nane kwa mbili, rangi nyeupe, jina kwa nyekundu, na pembeni fundi alimchorea gunia la mchele na dumu la mafuta. Wiki ya pili wakaja wakusanya mapato wawili na futikamba. Mmoja akashika mwanzo wa kibao, mwenzake akaivuta mpaka mwisho, wakaandika vipimo kwenye daftari. Walikuwa na adabu na hawakuomba chochote cha pembeni. Walimwambia tu kwamba hilo ni tangazo na lina ada yake kila mwaka, tofauti na leseni ya biashara ambayo ameshailipia.

Dada hakubishana. Alikishusha kibao, akakiegemeza ukutani nyuma ya kaunta, na mpaka leo kipo pale kimegeuzwa uso. Wateja wa vijijini wanaokuja siku ya gulio wanamuuliza jirani kama yule mama alihama.

Swali langu ni hili: je, jina la duka lililobandikwa juu ya mlango wa duka lenyewe ni tangazo? Mimi nasema hapana. Tangazo ni lile linalomfuata mtu mahali ambapo bidhaa haipo. Bango la kampuni ya simu pale Mafiati halikuelekezi mlangoni kwa mtu yeyote, linakushawishi tu. Kibao cha dada yangu kinasema "ni hapa". Serikali yenyewe mwaka 2022 ilihangaika nchi nzima kuweka anwani za makazi, namba kwenye nyumba na nguzo za majina ya mitaa, kwa sababu inajua watu wanahitaji kufika wanakokwenda. Lakini hapa Mbeya mtu akikuelekeza bado anakwambia shuka Kabwe, ingia uchochoro wa pili, utaona pameandikwa jina fulani. Ukiwafanya watu washushe vibao, umewafutia watu njia.

Najua ada hii haikutungwa jana. Ada ya mabango ipo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kila halmashauri ina sheria ndogo zake. Mwaka 2017 Sheria ya Fedha iliipa TRA kazi ya kuikusanya pamoja na kodi ya majengo, na baadaye kazi ya mabango ikarudi halmashauri. Katika kuhamahama huko tumebishana sana nani akusanye. Nani hasa anapaswa kulipa, hilo hatukuligusa.

Pendekezo langu: ubao mzima wa plaiwudi ni futi nane kwa nne. Kibao chochote kisichozidi nusu ya ubao huo, kilichofungwa kwenye ukuta wa biashara yenyewe, kihesabiwe kuwa kimelipiwa ndani ya leseni. Kikizidi hapo, au kikisimama kwenye nguzo, kilipe. Na mabango makubwa ya makampuni yapimwe kwa ukali kuliko sasa. Karibuni.

*Mchangiaji, Uyole*

Ndugu mleta mada, nakuheshimu ila umeangalia upande mmoja. Unajua mapato ya ndani ya halmashauri yanakwenda wapi? Asilimia 10 yake kwa sheria ni mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisitishwa 2023, watu wakalia, ikarudi 2024 watu wakashangilia. Kikundi chetu cha akina mama kimekopa humo, hatulipi riba, tumenunua mashine ya kukamua alizeti. Leo unafuta ada ya vibao, kesho mwingine anasema ushuru wa soko ufutwe, kesho kutwa maegesho. Fungu litajazwa na nini?

Halafu ukisema nusu ubao ni bure, ujue watu. Mtu mmoja ataweka vibao vinne vya nusu ubao juu ya mlango mmoja, kila kimoja kina jina lake. Huu mji utageuka gazeti.

*Mchora vibao, Sokomatola*

Nachora vibao tangu kabla ya haya maturubai ya kuchapwa. Nawaambia ninachokiona mimi. Zamani mteja akija anauliza herufi zitaonekana toka ng'ambo ya barabara? Sasa hivi anauliza kwanza, "Fundi, nikifanya kidogo kiasi gani sitasumbuliwa?" Hakuna anayemjibu kwa uhakika, basi anapunguza tu kwa kubahatisha. Juzi nimechora jina la saluni kwenye kipande cha futi mbili kwa moja. Nimepiga mistari kwa uzi wa chaki, nimegawa nafasi, jina lina herufi kumi na tatu. Zimekuwa nyembamba kama kucha. Nilimwambia mama hili halisomeki mtu akiwa kwenye bajaji, akasema andika hivyo hivyo.

Ya turubai nayo mseme. Upepo wetu wa Agosti unayachana, yanabaki yananing'inia kwenye nyaya za umeme mpaka mvua za Novemba. Kibao cha mbao na rangi ya mafuta kinadumu miaka. Sheria ndogo zingetofautisha hilo ningeziunga mkono.

*Mwenye duka, Iringa mjini*

Naomba niongeze la vibao vya makampuni. Wakala wa kampuni ya soda alikuja akaniambia nakuletea kibao bure, kina jina la duka lako. Kweli kililetwa. Robo tatu ni nembo ya soda, jina langu liko chini kwa maandishi madogo. Ilipofika zamu ya kulipia, bili ikaandikwa jina langu, kwa sababu kiko kwangu. Namtafuta wakala hapokei simu. Tangazo ni lao, ukuta ni wangu, deni ni langu. Hii ni haki gani?

*Mleta mada*

Asanteni. Dada wa Uyole, umenigusa kwenye mikopo. Nakubali kwamba fungu lile lina faida na silitakii mabaya. Lakini angalia: shilingi ya ada ya kibao inatoka kwa mama yuleyule ambaye kesho atakwenda kuiomba kama mkopo na kuirejesha kwa miezi. Heri abaki nayo dukani. Pengo lizibwe na mabango makubwa, maana kule ndiko kwenye hela, na mwenye bango la nguzo ya chuma anayo anwani na mhasibu.

Hoja ya vibao vinne ni ya kweli, na nimerekebisha pendekezo: nusu ubao kwa jumla, kwa kila leseni moja. Ukigawa vipande vinne, vyote pamoja visizidi hapo. Na hili silitoi kichwani tu. São Paulo kule Brazil walipitisha sheria kali mwaka 2006, ikaanza 2007, wakang'oa mabango yote ya matangazo jiji zima. Hata hao, kwa ukali wao wote, walimwachia mwenye duka jina lake: mbele ya duka pakiwa chini ya mita 10, kibao kisizidi mita 1.5 za mraba. Nimepiga hesabu, ni karibu sawa kabisa na nusu ubao wetu wa plaiwudi. Waliweza kutenganisha jina na tangazo katika jiji la mamilioni ya watu, sisi tunashindwaje Mwanjelwa?

Mwenye duka wa Iringa, hilo lako linapaswa kuingia kwenye sheria ndogo kwa maneno ya wazi: nembo ya kampuni ikichukua sehemu kubwa ya kibao, bili iende kwa kampuni. Kampuni hizo zina ofisi na zinafahamika, hazijifichi.

Na kuna jambo sikulisema mwanzo, la barabarani. Kwenye barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na humo TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ndiyo yenye kauli. Nguzo ya kibao ukiisimika humo huna utetezi, hasa sasa barabara kuu yetu ya TANZAM inapopanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi. Hapo sitetei mtu, awe mdogo awe mkubwa. Mteremko wa Iwambi na Mlima Nyoka tumezika watu wengi mno kumruhusu yeyote asimamishe bango la taa linaloita macho ya dereva wa lori lililobeba tani 30.

Sheria ndogo haziwi sheria mpaka zipite baraza la madiwani na waziri aridhie. Kwa hiyo diwani wako ndiye wa kuanza naye. Mimi wa kwetu nimeshampelekea barua, nikaambatanisha picha mbili: kibao kikiwa juu ya mlango, na kibao kikiwa nyuma ya kaunta. Fundi wa Sokomatola, ningependa kujua kutoka kwako: herufi ya chini kabisa inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara ni inchi ngapi? Nataka kipimo hicho nikiongeze kwenye barua.