Mwanga wa tochi ya kupimia mboni ni mkali mno, niupunguzeje?

Muuguzi_Likoni
Salaam aleikum jamani. Tochi ndogo za LED ni kali mno kwa kuangalia mboni. Mgonjwa hufumba macho na machozi yanamtoka, sioni kitu. Ninayo ya betri tatu za AAA, taa yake moja ya milimita 5. Nitie risista (kile kijipande cha kupunguza umeme) au nizibe kioo?

Fundi_MwembeTayari
Waaleikum salaam dada. Tia risista. Betri tatu mpya zatoa volti 4.5. LED nyeupe ikipitisha umeme mdogo hushika kama volti 2.7, kwa hivyo risista yabakiwa na 1.8. Ya omu 1,000 (mistari yake ya rangi: kahawia, nyeusi, nyekundu) itapitisha karibu miliampia 1.8, na taa hizi kawaida hupewa hadi 20. Ukiona giza, shuka hadi omu 470. Robo wati yatosha, haipati joto kabisa.

Ichomelee kwa risasi kwenye mguu wowote wa taa, haina upande. Lakini ivishe mrija wa plastiki! Ikiwa iko upande wa hasi na mguu wake ukagusa kasha, umeme unairuka na mwanga unarudi mkali ghafla, tena ushaielekeza machoni mwa mtu. Springi nayo itazame. Hewa yetu ya chumvi huitia kutu, taa ikaanza kupepesa. Isugue kwa msasa laini.

Tochi ya betri moja usiitie risista upande wa betri. Ndani yake mna saketi ya kupandisha volti, na volti zikishuka yenyewe huvuta umeme zaidi, mwisho inapepesa au inakataa kuwaka. Hiyo ipunguze kwa plasta tu.

Macho_Kisauni
Plasta ya karatasi nyeupe, ile ya kufungia vidonda, mimi naipenda hata kwenye tochi ya risista. Anza na tabaka moja. Hutawanya mwanga, kile kitovu kikali cha katikati kikatoweka. Ibandike upande wa ndani wa kioo: nje, joto la hapa hulainisha gundi ikateleza, na kila ukipangusa kwa spiriti inabanduka.

Ila dada, usipunguze kupita kiasi. Wagonjwa wetu wengi macho yao ni ya kahawia iliyokolea, na mwanga ukiwa hafifu mno ukingo wa mboni hauonekani. Vilevile hata mboni isiyo na ugonjwa itasinyaa polepole, nawe udhani ina kasoro. Ijaribu kwanza kwa mwenzako mwenye macho mazima, chumba kilekile, pazia limefungwa. Mtu atazame mbali, maana akitazama karibu mboni husinyaa zenyewe, nawe umulike kutokea pembeni. Mwangani mboni huwa milimita 2 hadi 4, gizani 4 hadi 8.

Kipimo cha kuhamisha mwanga jicho hadi jicho, sekunde 2 au 3 kila moja, chataka mwanga mkali. Hiyo tochi iliyopunguzwa haitakufaa hapo.

Muuguzi_Likoni
Shukrani nyote. Kwa hivyo ninunue tochi mbili?

Fundi_MwembeTayari
La, moja yatosha. Chukua risista ya pili, omu 100, iunge na kitufe kidogo cha kubonyeza, kisha ncha zake uzichomelee sambamba na ile ya 1,000. Ukikibonyeza unapata kama miliampia 16, ukikiachia mwanga unarudi mdogo. Kiwe cha kubonyeza na kuachia, kisiwe cha kujifunga, usije ukakisahau kikiwa kimewashwa. Plasta ya hiyo tochi iwe tabaka moja tu, au uiache kabisa.