Muziki wa kupigana na bosi kwenye gemu, nyie mnachaguaje?

dagaa_dev (Kigoma)
Wakuu habari zenu. Nipo Kigoma hapa Mwanga, natengeneza gemu ya simu, natumia Godot, ile programu ya kutengenezea gemu, ni ya mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku na karabai zake. Levo za kawaida zimekaa vizuri, kilichonikwamisha ni bosi, yule adui mkubwa wa mwisho, na sio kuandika kodi za programu, ni muziki. Bosi ni mamba mkubwa kupita kiasi, wazo nimelichota kwa yule Gustave wa mto Ruzizi ambaye huku kandokando ya Tanganyika sifa zake kila mtu anazo. Ana hatua tatu: kwanza anauzunguka mtumbwi unaona macho tu, afu anaanza kuupiga mkia, mwisho damu yake ikibaki robo anaupindua mtumbwi mnamalizana majini.

Sasa nna vipande vitatu. Kimoja cha magitaa makali nilikipakua, kimeandikwa bure kutumia. Cha pili ni kwaya ya Kilatini, nataka ile hali ya Sephiroth, yule bosi wa Final Fantasy VII, mnanielewa. Cha tatu mshikaji wangu kanitengenezea singeli na anasema nisipoiweka tusijuane. Nikivisikiliza peke yake vyote vitamu, nikiviweka kwenye gemu vyote naona kama vimebandikwa tu juu ya mamba. Mnachaguaje? Na je nyimbo iwe moja mwanzo mwisho au kila hatua na yake? Simu za watu huku ni zile za nafasi ndogo, kwaiyo faili nalo nalihofia.

kibanda_cheyo (Tabora)
Mi sio mtengenezaji, nna kibanda cha PS hapa Cheyo, kwaiyo nakupa ya upande wa wanaolipia. Kitu watengenezaji mnasahau ni kwamba bosi mzuri anaua, tena anaua sana, kwaiyo mchezaji hasikii nyimbo yako yote, anasikia sekunde ishirini za mwanzo anakufa, anarudi anasikia zilezile ishirini anakufa, na hivyo hivyo mpaka kigiza kinaingia. Ukimwekea violin za kupanda taratibu ngoma ije iingie kwenye dakika ya kwanza, hiyo ngoma dogo ataisikia akishakuwa fundi, na hapo keshazichukia violin zako. Mi nawaona kabisa, mtu akishaanza kupigwa anaomba nipunguze sauti, sio kwamba anataka utulivu, amechoka kusikia ule mwanzo unaomkumbusha kwamba anaanza tena moja.

Kwaiyo kipimo changu sio nyimbo ipi kali. Chukua zile sekunde ishirini za kwanza, zirudie wakati unapika au unafua, ukiona umefika mahali unataka kuitupa simu basi hiyo sio nyimbo ya bosi, hata iwe tamu vipi. Na ule utangulizi mchezaji ausikie mara ya kwanza tu anapokutana na mamba, akifa akirudi ruka moja kwa moja kwenye mdundo.

Lingine, angalia kabla ya bosi kuna nini. Shadow of the Colossus ya 2005, ile ya PS2, unatembea na farasi kwenye nchi tupu na muziki hamna, upepo na kwato tu, ndo maana lile lidude likitokea na muziki ukaingia mwili unasisimka. Tena muziki wenyewe unageuka, ukiwa chini unakimbizwa ni mwingine, ukishapanda mgongoni unakuwa wa mtu anayeshinda, na likianguka unapigiwa wa huzuni mpaka unajiuliza hivi nimefanya vizuri kweli. Alitunga Kow Otani. Wewe una ziwa usiku jaman, unataka nini zaidi, levo ya mwisho kabla ya mamba toa muziki wote, acha maji na kasia.

mzee_wa_gungu
Weka singeli mamba akate mauno. Kesi imeisha.

mpiga_kinanda_tbr
😂😂 mzee_wa_gungu bwana.

Kaka dagaa_dev mi napiga kinanda kanisani Tabora na gemu nacheza, kwaiyo niongelee hiyo kwaya. Ile nyimbo ya Sephiroth kwenye Final Fantasy VII ya 1997, ya Nobuo Uematsu, maneno yake mengi yametoka kwenye mashairi ya zama za kati ya Carmina Burana. Mashairi yenyewe ni ya kale hayana mwenyewe, ila muziki aliouweka Carl Orff kwenye mashairi hayohayo bado una wenyewe, Orff kafa 1982 tu, kwaiyo kama hicho kipande chako kinafanana na O Fortuna, ile kwaya yake maarufu, kitoe mapema. Ukitaka ya kutisha isiyo na kesi kuna Dies Irae ya Verdi ya 1874, noti zake ni huru, ila kumbuka noti kuwa huru sio rekodi kuwa huru, ile okestra uliyoisikia YouTube ina haki zake, labda uimbishe kwaya yako mwenyewe.

Lakini hayo ni ya sheria. Swali langu mi ni kwamba Kilatini na mamba wa Ruzizi wanajuana wapi? Kwaya kubwa inafanya kazi kwa Sephiroth kwa sababu jamaa anajiona mungu, ukisikia sauti mia zinamwimba unaamini. Mamba hajioni chochote, ana njaa. Ukimpigia kwaya unampandisha cheo ambacho stori yako haijampa, na nadhani ndo hiyo unayoita kubandikwa.

Kabla hujachagua ala yoyote kaa chini ujiulize mchezaji anatakiwa amwoneje huyu bosi. Mfano mzuri kwangu ni Dark Souls ya 2011, muziki wa Motoi Sakuraba, mabosi karibu wote wanapigiwa okestra na kwaya za kukupasua kichwa, unafika kwa wa mwisho kabisa, Gwyn, bwana mkubwa aliyesimuliwa gemu nzima, unakuta piano peke yake, ya taratibu, ya msiba. Anakukimbilia na upanga unaowaka moto na huku piano inalia, na hapo unaelewa kwamba huyu ni mzee aliyekwisha, mnapigana naye kama kumpumzisha. Hamna aliyekuja kukueleza hilo kwa maneno wakati ule. Huo ndo uchaguzi, sio magitaa au singeli.

Kuhusu singeli siipingi, ni yetu na inachemka, ila inakimbia biti mia mbili na zaidi kwa dakika. Ukianza hapo hatua ya kwanza, wakati mamba anaonyesha macho tu, hatua ya tatu utakwenda wapi?

muha_kasulu
Nimesoma yote nashangaa, mtu yupo Kigoma, jirani zetu hapo ni Burundi, anatafuta kwaya ya Kilatini.

Sikiliza ndugu yangu. Ngoma za Burundi, zile kubwa za magogo zilizoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, hazipigwi zote kitu kimoja. Kuna zinazoitwa amashako, hizo kazi yao ni kushika mdundo uleule bila kubadilika, mwanzo mpaka mwisho. Kuna moja ya katikati, inkiranya, huyo ndo kiongozi, mpigaji wake anaamua kinachofuata. Na kuna ibishikizo ambazo zinamfuata kiongozi kila anakokwenda. Sasa umeniambia bosi wako ana hatua tatu. Hatua ya kwanza macho yanazunguka, amashako peke yake, tena kwa mbali. Ya pili mkia unapiga, inkiranya inaingia. Ya tatu mtumbwi umepinduka, ibishikizo zote zinajibu na mtu anapiga ukelele. Nyimbo ni ileile moja, haijabadilishwa, imeongezwa watu.

Uzuri mwingine, mchezaji bila kuangalia mstari wa damu anajua yupo wapi. Hata Space Invaders ya 1978 ilikuwa hivyo, noti nne nzito zinajirudia, kadri unavyowapunguza wale maadui wanaobaki wanaongeza mwendo na zile noti zinakimbia, jasho linakutoka kwa noti nne tu!

Ila usiende kuiba rekodi. Nenda kwa wapigaji, kaa nao, lipa, na waeleze ni ya gemu na itatumikaje, maana hizo zilikuwa ngoma za mwami, yaani mfalme, sio za kupiga ovyo, na wao ndo watakwambia mdundo upi unafaa na upi uache. Kama hao hawapatikani, wapigaji wa kwetu Waha wapo, anza nao. Na ukirekodi kwa simu usiisogeze karibu na ngoma, itapasuka sauti yote, kaa mbali, nje, sio kwenye chumba cha bati, na kila kundi lipige peke yake huku likisikiliza mdundo mmoja kwenye iyafoni, la sivyo hutaweza kuzitenganisha baadae.

dagaa_dev (Kigoma)
Muha umeniua. Hilo la kuongeza watu limeniingia. Swali la kifundi sasa, mamba anaweza kufika robo ya damu katikati ya mdundo, nikiwasha ngoma za pili papo hapo nimejaribu inasikika kama mtu kajikwaa, nafanyaje?

spika_mbovu
Usiwashe. Vipande vyote vitatu vianze kucheza kwa pamoja toka sekunde ya kwanza, viwili umevizima sauti, hatua ikibadilika unapandisha sauti tu. Vinakuwa vimelingana siku zote. Na ukipandisha ngoja mwanzo wa baa, yaani fungu la mapigo, mfano tempo 120 ya mapigo manne kila baa ni sekunde 2, kwaiyo mchezaji hatasubiri zaidi ya hapo na hatogundua, ila ule mkia wa mamba usiungoje muziki, mlio wa pigo uwe papo hapo. Godot toka toleo la 4.3 inakuja na vitu vya kazi hii ndani yake, cha kucheza vipande sambamba na cha kubadilisha kwa kungoja biti au baa, kwaiyo kama upo toleo la nyuma panda.

Faili: WAV ya kawaida ya steryo inakula kama MB 10 kwa dakika moja, OGG ya kiwango cha kati kama MB 1. Tumia OGG. MP3 kwenye lupu, yaani kipande kinachojirudia, huwa inaacha kaukimya mwanzoni na mwishoni, kwenye nyimbo ya kawaida husikii, kwenye ngoma utaisikia kila mzunguko mpaka ukome. Hizo amashako baa nane zinatosha kabisa, si zinajirudia?

Na jambo ambalo wote hapo juu mmeliruka: watu watasikilizia spika ya simu. Ule mngurumo wa chini wa ngoma kubwa spika ya simu haiutoi kabisa, inabaki tak tak ya fimbo. Kwaiyo ukichanganya usikilizie simu ya bei ndogo kwanza, hedifoni nzuri baadae, pandisha zile sauti za kati za ngozi na mti, na hatua ya kwanza ambayo umeambiwa iwe "kwa mbali" isije ikapotea kabisa kwenye kelele za daladala.

mzee_wa_gungu
Sasa singeli ya mshikaji inakwenda wapi, watu wataacha kujuana huku.

mpiga_kinanda_tbr
Mwekee mwishoni mamba akishakufa, yanapopita majina ya waliotengeneza. Hapo hata iwe mia tatu kwa dakika sawa tu.

dagaa_dev (Kigoma)
😂 Nimempigia kakubali. La mwisho kwa kibanda_cheyo, mchezaji akifia hatua ya tatu akirudi anaanza na amashako peke yake tena, au?

kibanda_cheyo (Tabora)
Amashako zisizime hata akifa. Zile zingine zikatike ghafla, skrini ya kufa iwe fupi, amashako zinaendelea chini kwa chini, akibonyeza kurudi anaukuta mdundo unamsubiri. Ukizima kila kitu unampa nafasi ya kuweka pedi chini, na mi hapo ndo napoteza hela.