Mrejesho: dari ya darasa iliyokuwa inang'aa kupita kiasi kwenye Radiance (programu ya kuiga mwanga wa majengo)

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini dari ya darasa langu inatoka nyeupe mno wakati meza za dirishani ziko sawa. Mliniambia niangalie ardhi ya nje, yaani kiasi cha mwanga inachoakisi, na kweli tatizo lilikuwa hapo.

Faili la anga nilikuwa nimelirithi kutoka kazi ya nchi yenye theluji. Kwenye gensky (amri ya Radiance inayotengeneza anga) lilikuwa na -g 0.8, yaani ardhi inaakisi asilimia 80 ya mwanga kama theluji, kumbe nyasi na udongo wa kawaida ni kama 0.2, ambayo ndiyo programu inatumia usipoandika kitu. Hesabu ikanifungua macho: anga la mawingu la luksi 10,000, zidisha kwa 0.2, gawanya kwa 3.14, unapata kandela 637 kwa mita ya mraba. Mimi nilikuwa na karibu 2,550, na mwanga huo wote unapiga dari kutokea chini!

Kingine: ile rangi ya kahawia ya ground_glow (mng'aro wa ardhi kwenye faili la anga), 1 .8 .5 kwa nyekundu, kijani na bluu, inapunguza mng'aro kwa asilimia 17 hivi. Nimeweka 1 1 1, namba zikakaa sawa. Aliyenielekeza kwenye -g, nashukuru sana.